KIGOMA MWISHO WA RELI, AU MWANZO WA RELI?

*TAMKO LA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*
_Ni refu. Tusome taratibu, tuwasomee na wazee wasio na simu kubwa._

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana wa tawi,



Wiki iliyopita kundi letu halikulala. Mwenzetu mmoja alirusha video ya treni ya umeme ikikimbia kwenda Dodoma, akaandika chini yake kwamba Tanzania sasa imewafikia Wazungu. Mwingine akajibu kwa picha ya mama akichemsha chikichi kwenye pipa kwa kuni, akauliza: na huyu naye amewafikia Wazungu? Kuanzia hapo yakaja maneno. Wengine wakaitwa chawa, wengine wakaitwa wasaliti wasioitakia nchi mema. Wanachama wawili wakatoka kwenye kundi usiku uleule.

Halmashauri ya tawi ilikaa ikaona kwamba jambo lenyewe ni zito kuliko matusi yaliyorushwa. Reli ya kisasa inakuja Kigoma. Kabla haijafika tunapaswa kujua tumesimama wapi, na wenzetu waliotutangulia wamesimama wapi. Tumeona tuandike msimamo wetu kwa kirefu, kisha tuujadili kwenye mkutano. Wale wawili waliotoka tumewapigia simu, na tunawaomba warudi.

*1. KILA UPANDE UNA HAKI YAKE*

Tuanze na aliyerusha treni. Hakusema uongo. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na imejengwa kukimbia hadi kilomita 160 kwa saa. Wanaoiendesha ni Watanzania. Bwawa la Mwalimu Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Leo uwezo wote wa kuzalisha umeme nchini umepita megawati 4,000. Sisi wa Kigoma, tuliowashiwa taa kwa miaka mingi na majenereta ya dizeli, tukiwa wa mwisho mwisho kuunganishwa na gridi ya Taifa, tunajua vizuri thamani ya jambo hilo. Anayesema hakuna kilichofanyika hatazami.

Na aliyerusha picha ya mama na pipa naye hakusema uongo. Chukueni Korea Kusini, nchi iliyotuuzia vichwa na mabehewa ya treni ile ya umeme. Ina watu wapatao milioni 52. Sisi kwa sensa ya 2022 tulikuwa milioni 61.7. Mitambo yao ya umeme kwa pamoja ina uwezo unaozidi megawati 100,000. Yaani watu wao ni wachache kuliko sisi, na umeme wao ni zaidi ya mara ishirini na tano ya wetu. Karibu robo ya uchumi wao unatoka viwandani. Kwetu ni kama asilimia 8. Kwenye utafiti wao hutenga karibu asilimia 5 ya pato lote la nchi, wakati nchi za Afrika zilikubaliana asilimia 1, na wengi wetu hata hiyo hatujaifikisha.

Kwa hiyo tumewafikia? Bado, tena kwa mbali. Je, tumekaa tu? Hapana. Wote wawili walitazama kitu kimoja kutoka pande mbili, na wote wawili wamesahau kuuliza swali moja.

*2. SWALI LENYEWE*

Swali ni hili: mgeni akishaondoka, nani anabaki anajua?

Ukiwa na pesa, au ukikopeshwa, unaweza kununua treni bora kuliko za nchi nyingi za Ulaya. Kununua hakumfanyi mtu kuwa fundi. Aliyenunua pikipiki hajawa mtengeneza pikipiki. Mwaka jana mashine ya kukamulia mawese ya kikundi kimoja cha wanachama wetu iliharibika beringi. Kitu cha ukubwa wa kitumbua. Ikasimama wiki tatu ikisubiri beringi kutoka Dar, na chikichi zikaoza chini ya turubai. Siku beringi ilipofika, ikaonekana shafti nayo imelika. Hatimaye fundi wetu wa mjini ndiye aliyeichonga shafti mpya kwa siku moja.

Nchi iliyoendelea na nchi inayoinuka zimetengana hapo hapo, kwenye zile wiki tatu na ile siku moja. Mashine inaweza kuwa ileile. Tofauti ni umbali wa kutoka inapoharibika hadi alipo mtu anayejua kuitengeneza, kisha hadi alipo anayejua kuunda kipuri chake, kisha hadi alipo anayeweza kukaa akabuni mashine iliyo bora zaidi. Kwa wenzetu umbali huo ni mtaa wa pili. Kwetu ni Dar es Salaam, na mara nyingi ni ng'ambo ya bahari.

*3. MELI YETU NA MELI YAO*

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Tushuke bandarini.

Meli tunayoiita Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, katika karakana ya Meyer huko Papenburg. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kuletwa huku. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Hapa hapa Kigoma ndipo vipande vile vilipounganishwa, riveti kwa riveti, na Februari 1915 meli ikashuka majini ikiitwa Graf von Götzen. Mafundi waliotoka nayo Ujerumani walikuwa watatu tu. Kazi nyingine yote, ya kubeba, kupiga nyundo, kushika na kuinua, ilifanywa na mikono mingine, ikiwemo ya wazee wa pwani hii.

Julai 1916, vita ilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Kabla ya kuizamisha waliipaka injini grisi nzito, wakitumaini wangerudi kuichukua. Waingereza ndio walioiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Injini ile iliyolala majini karibu miaka minane iliwaka. Tusisahau hilo: aliyejua kazi yake alipaka grisi hata alipokuwa anashindwa vita.

Sasa twende Korea. Mji wa Ulsan, ambako leo kuna mojawapo ya karakana kubwa kuliko zote za meli duniani, ulianza kujengewa karakana hiyo mwaka 1972. Kabla ya hapo pale palikuwa ufukwe wa wavuvi kama Kibirizi. Mwenye kampuni ya Hyundai, Chung Ju-yung, alikwenda Uingereza kutafuta mkopo bila kuwa na meli hata moja aliyowahi kuunda. Husimuliwa kwamba alitoa noti ya nchi yake yenye picha ya meli ya kivita ya zamani, akawaambia wakopeshaji kwamba watu wake waliunda meli za chuma karne nyingi zilizopita. Akapata mkopo. Akapeleka mafundi na wahandisi wake Scotland kujifunza. Wakaijenga karakana na meli za kwanza kwa wakati mmoja, na mwaka 1974 meli zao za kwanza zikawa majini.

Fanyeni hesabu. Kigoma iliunganisha meli ya chuma mwaka 1915. Ulsan ilianza mwaka 1972. Tulikuwa mbele yao kwa miaka 57. Leo MV Mwanza ya Ziwa Victoria imeunganishwa Mwanza, na mkandarasi ni Mkorea. Liemba yetu imekaa miaka ikisubiri matengenezo, na ukarabati wake umeitiwa kampuni kutoka Croatia ikishirikiana na kampuni ya hapa nchini.

Nini kilitokea? Wale mafundi watatu walikuja Kigoma kuunganisha meli. Hawakuja kufundisha. Meli ilibaki, ujuzi ukaondoka nao. Wakorea walikwenda Scotland kuchukua ujuzi, na meli ikafuata baadaye. Sisi tulipewa samaki aliyekwisha kupikwa. Wao walikwenda kukaa jikoni.

*4. "WAKOLONI WALITUNYONYA" NI KWELI, LAKINI HADITHI HAIISHII HAPO*

Tunajua wapo watakaosema: msitulaumu sisi, reli ile haikujengwa kwa ajili yetu. Ni kweli kabisa. Reli ya Kati ilijengwa kutoa mali bara kupeleka pwani. Wakati wa Mwingereza, Kigoma iliachwa makusudi kuwa shamba la kuvuna vibarua. Babu zetu walipanda treni ile kwenda kukata mkonge kama manamba. Mkoa uliotoa nguvu kazi haukupewa kiwanda. Asiyelijua hilo hawezi kuelewa kwa nini Kigoma ni Kigoma.

Tena kabla ya hao wote, hatukuwa watu wasiojua kitu. Uvinza, waakiolojia wamechimbua mabaki yanayoonyesha kwamba watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na chumvi ile ilizunguka ziwa lote. Waha walifua chuma, wakatengeneza majembe yao. Kwa lugha ya leo, hicho kilikuwa kiwanda, na hiyo ilikuwa teknolojia.

Lakini Korea nayo ilitawaliwa, na Wajapani, hadi mwaka 1945, kisha ikaharibiwa na vita. Ukoloni unaeleza tulianzia wapi. Hauelezi peke yake kwa nini hatujafika. Na upo mfano unaotuhusu sisi wenyewe tukiwa tayari tumejitawala.

Mwaka 1970 hadi 1975 Wachina walitujengea reli ya Tazara, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kwa mkopo usio na riba. China yenyewe wakati ule ilikuwa nchi maskini. Kazi ilipokwisha, sisi tulibaki na reli. Wao walirudi na nini? Walirudi na maelfu ya watu waliokwisha kutoboa milima, kujenga madaraja na kutandika reli katika nchi ngeni. Kutokana na idara iliyosimamia kazi ile ikazaliwa mwaka 1979 kampuni ya CCECC. Na Desemba 2022 ulipotiwa saini mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, kampuni zilizopewa kazi zilikuwa mbili za Kichina. Moja ni hiyo CCECC.

Wanachama, tulitafakari hilo kwa makini. Darasa lilikuwa kwetu. Milima ilikuwa yetu. Mwanafunzi aliyefaulu ni yule aliyekuja kutusaidia. Hatusemi kwa wivu. Walifanya kazi, wengine wamezikwa katika ardhi yetu, na tunawaheshimu. Tunasema ili safari hii tusitoke darasani mikono mitupu.

*5. MAWESE: HADITHI TUNAYOPENDA NA UKWELI UNAOUMA*

Kuna maneno kila mtoto wa Kigoma ameyasikia barazani: "Wamalaysia walikuja hapa, wakachukua mbegu zetu za michikichi, leo wanatuuzia mafuta." Hadithi hii tunaipenda kwa sababu inatufanya tuwe tulioibiwa. Tumeifuatilia, na ukweli wake ni mwingine.

Mchikichi asili yake ni Afrika Magharibi na Kati. Miche minne ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, na kizazi cha miche hiyo ndicho kilichosambaa Asia. Shamba la kwanza la biashara Malaysia lilianzishwa mwaka 1917. Kwa hiyo hakuna aliyekuja Ujiji na gunia usiku.

Ukweli unaouma ni huu. Michikichi yetu mingi ni ya aina iitwayo Dura: kokwa lina ganda nene, nyama ni chache. Ipo aina nyingine, Pisifera, isiyo na ganda gumu, ambayo mara nyingi haizai vizuri. Ukizichanganya hizo mbili unapata Tenera, ganda jembamba na nyama nyingi. Siri hiyo iligunduliwa wapi? Yangambi, katika Kongo ya wakati ule ya Wabelgiji, na ikachapishwa mwaka 1941. Kongo hiyohiyo tunayoiona milima yake jioni jua likizama. Ujuzi ulizaliwa kwa jirani, ukavuka bahari hadi Asia, na hapa Ujiji ukachelewa miaka mingi mno kufika.

Wamalaysia walipopata uhuru, 1957, walikuwa wameshaunda shirika la kuwagawia wakulima wadogo ardhi ya kulima, Felda, tangu 1956. Mwaka 1979 wakaanzisha taasisi ya utafiti wa mawese peke yake. Walipoona uchavushaji wa michikichi yao ni hafifu, walikuja Afrika, Kameruni, wakamtafiti mdudu mdogo anayechavusha mchikichi, na mwaka 1981 wakampeleka kwao. Kazi ya kuchavusha kwa mikono ikaisha. Pia serikali yao iliweka kodi kwa namna ambayo kuuza mafuta yaliyosafishwa kulilipa kuliko kuuza mafuta ghafi. Leo wanazalisha zaidi ya tani milioni 18 kwa mwaka. Na sisi, Tanzania nzima, bado tunaagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula, na sehemu ya hayo ni mawese ya Asia.

Basi kama kuna kitu walichochukua Afrika kikawatajirisha, ni mdudu mmoja na maarifa. Mdudu huyo tunaye. Maarifa nayo sasa yako Kihinga, kwenye kituo cha utafiti cha TARI kinachozalisha mbegu za Tenera, mwendo mfupi kutoka tulipo. Kilichobaki ni sisi.

*6. RELI HUPELEKA NA HULETA*

Sasa turudi kwenye reli. Sisi wa Kigoma tumezoea kujiita mwisho wa reli, tena kwa majivuno. Lakini sasa hatuwi mwisho tena. Mbali ya Tabora hadi Kigoma, ipo njia nyingine kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi, ambako kuna madini ya nikeli. Ng'ambo ya ziwa kuna Kalemie na Uvira, na watu wengi wanaohitaji sabuni, mafuta, saruji na unga.

Reli haichagui mzigo. Inaweza kuchukua mawese yaliyosafishwa, chumvi ya Uvinza, dagaa na migebuka iliyokaushwa vizuri, ikapeleka Dodoma na Dar. Inaweza pia kuleta mafuta ya kupikia ya ng'ambo, sabuni na biskuti kwa bei ambayo mama yetu wa pipa hawezi kushindana nayo hata siku moja. Inaweza kupitisha nikeli ya Musongati mbele ya macho yetu, sisi tukiuza maji ya chupa na karanga dirishani. Treni yenye kasi inaleta ushindani kwa kasi ileile.

Ndiyo maana tunasema mjadala wa "tumewafikia au hatujawafikia" si wa kupotezea bando. Majibu yake yataamua kama wajukuu wetu watapanda treni hii kama wafanyabiashara na mafundi, au kama babu zao manamba, isipokuwa kwa tiketi ya gharama zaidi.

*7. MSIMAMO NA MAPENDEKEZO YA TAWI*

*Kwanza, juu ya miradi.* Kupitia diwani wetu na vikao vya kata, tunataka swali letu liulizwe kwenye kila mradi mkubwa unaogusa mkoa huu: reli, umeme wa Mto Malagarasi, bandari na meli. Mgeni akiondoka, nani anabaki anajua? Tunataka kijana afuatane na fundi mgeni kama mwanafunzi, jina lake liandikwe, na mwisho wa kazi apewe cheti kinachosema amejua nini. Kibarua wa kubeba zege ana heshima yake, na mshahara wake ni halali. Lakini mradi ukiacha vibarua peke yao, tutakuwa tumerudia mwaka 1915.

*Pili, juu ya michikichi.* Tunawaomba wenye mashamba ya zamani waanze kubadilisha kwa awamu, safu kwa safu, ili nyumba isikose kipato wakati mche mpya unakua. Mbegu zichukuliwe kwenye vyanzo vinavyotambulika. Na hili tunalisisitiza kwa sababu tumeona likifanyika: *msiokote kokwa la Tenera shambani mkalipanda.* Watoto wa Tenera hawafanani wote na mzazi. Takriban robo hurudi Dura, robo huwa Pisifera, na nusu tu ndiyo hubaki Tenera. Utalima miaka mitatu au minne ndipo ujue umepoteza nusu ya shamba.

*Tatu, juu ya mafuta yenyewe.* Chikichi ikivunwa ipikwe mapema, isipitishe siku moja kama inawezekana. Ikikaa, asidi hupanda, na kiwanda kikiipima hukataa au hushusha bei. Si uonevu wa mnunuzi. Wenzetu walioendelea wanaishi kwa kipimo: uzito ni ule ule, rangi ni ile ile, ndoo ya leo na ya mwezi ujao zinafanana. Bila hivyo hakuna alama ya TBS, na bila alama ya TBS hakuna duka kubwa la Dodoma litakalotupokea.

*Nne, juu ya mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri.* Hapa ndipo penye mvutano ndani ya tawi, na hatutaki kuuficha. Vijana wetu wengi wanataka kikundi chao kiombe mkopo wa bodaboda. Hoja yao ina uzito: bodaboda huingiza pesa siku ya kwanza, na kijana mwenye njaa hawezi kusubiri mchikichi ukue. Upande wa pili, baadhi ya kina mama na mafundi wetu wanapendekeza vikundi vishirikiane: kikundi cha kina mama kiombe mashine bora ya kukamulia na kubangua mise, kikundi cha vijana kiombe zana za karakana ya kuchonga na kuunganisha vyuma, ili mashine ikiharibika itengenezwe hapa hapa.

Tawi haligawi mikopo wala haliamrishi vikundi. Tunachoweza ni kushauri, na ushauri wetu ni karakana na mashine. Bodaboda imeundwa ng'ambo, tairi lake limeundwa ng'ambo, na kila senti ya kipuri inarudi ng'ambo. Karakana huanza taratibu, lakini kila kinachoharibika mkoa huu, kuanzia mashine ya mawese hadi injini ya boti ya mwaloni, ni riziki yake. Na siku karakana kubwa ya meli itakaposimama hapa Kigoma, itamtafuta nani? Itamtafuta aliyekwisha kushika chuma. Wapo wazee kwenye halmashauri ya tawi wasiokubaliana na ushauri huu, na watasema mkutanoni. Tuwasikilize.

*Tano, juu ya ardhi.* Tumeanza kusikia mashamba yakiuzwa haraka haraka kwa sababu reli inakuja. Anayetaka kuuza ni haki yake. Ila ajiulize aliyekuja kutoka mbali kununua anajua nini ambacho yeye hajakijua.

*8. MANENO YA MWISHO KWA WALE WAWILI*

Kwa ndugu yetu wa treni: endelea kujivunia. Mtu asiyejivunia chake hatakitunza. Lakini kesho ukirusha video nyingine, turushie na fundi anayeitengeneza, utuambie anatoka wapi.

Kwa ndugu yetu wa pipa: endelea kutukumbusha. Lakini yule mama usimpige picha kwa ajili ya kushindana tu. Ana ujuzi alioupata kwa bibi yake: anajua chikichi iliyoiva kwa kuigusa, anajua mawese yaliyoiva kwa harufu. Chung Ju-yung alianza na picha ya meli kwenye noti. Sisi tuna mama huyu, na mbegu ya Kihinga, na fundi aliyechonga shafti kwa siku moja. Si haba.

Nchi zilizotutangulia hazikuumbwa kwa udongo tofauti. Zilijifunza, zikatunza, zikapima, zikarudia. Na pale zilipokosea zilikosea zikiwa kazini. Sisi tumechelewa, na aliyechelewa ana faida moja tu: anaona mashimo waliyotumbukia wenzake. Tukiitumia faida hiyo, reli itakapofika Kigoma itakuta mahali pa kuanzia.

*MKUTANO:* Jumapili ijayo, saa kumi jioni baada ya sala ya Alasiri, mahali petu pa kawaida. Ajenda ni mapendekezo haya matano. Vikundi vya mikopo vije na maombi yao yakiwa yameandikwa, hata kwa kalamu. Anayepinga aje na hoja, matusi ayaache nyumbani. Mwenye boti asiyeweza kufika kwa sababu ya kazi atume maoni kwa sauti, yatachezwa mkutanoni wote tusikie.

Tunawatakia kazi njema na ziwa tulivu.

*Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi, kwa niaba ya Halmashauri ya Tawi.*